Nilitiwa hatiani Mahakama ya Mwanzo 2018, sasa naomba kazi ya ualimu. Nijaze NDIYO au HAPANA?

Chaki_Mbili
Wakuu salaam. Nina shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, nimemaliza 2020. Toka hapo nimejitolea shule ya kata mwaka na nusu, nimefundisha tuisheni, nimeuza vocha, nimefanya yote.

Juzi shule moja binafsi imenipa fomu ya maombi, kurasa nne. Ukurasa wa tatu kuna swali: "Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai? NDIYO / HAPANA. Kama NDIYO, eleza." Baada ya "eleza" wameacha mstari mmoja, tena mfupi, umegongana na nembo ya shule.

Kisa chenyewe: 2018, likizo ya mwaka wa kwanza, nilibishana na konda kuhusu chenji ya mia tano. Akanisukuma, nikamsukuma, akaangukia ngazi ya gari akapasuka mdomo. Nililala kituoni siku mbili, ya tatu nikapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Askari mmoja akaninong'oneza koridoni, "Kijana kubali, yaishe leo urudi chuo." Nikakubali. Baba akalipa elfu hamsini tukaondoka. Sikuwahi kuliwaza tena mpaka nilipoiona hii fomu.

Fomu inarudi Ijumaa. Nijaze nini? Na huku serikalini kwenye usaili, jambo hili linaonekana?

NgojaWaje
Siti ya mbele. Ngoja waje wanasheria.

BodaMsomi
Jaza HAPANA ulale. Konda aliyepasuka mdomo 2018 leo hii ni dereva, hakukumbuki hata sura. Nani atakwenda kufukua daftari la Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili?

MamaPacha
BodaMsomi, ushauri wako ndio unawapeleka watu pabaya. Kosa la kumsukuma konda linasameheka. Kosa la kudanganya kwenye fomu uliyoisaini mwenyewe ni jipya, halina 2018 ndani yake.

Kibarazani
Nakazia kwa MamaPacha. Mmeshasahau Aprili 2017? Uhakiki wa vyeti ulipotoka, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Kuna watu walikuwa kazini miaka ishirini, wengine wanasifiwa kwa kazi nzuri. Hakuna aliyeulizwa kama anafundisha vizuri. Waliulizwa karatasi.

BodaMsomi
Kibarazani unachanganya uji na ugali. Wale walighushi cheti cha kidato cha nne. Huyu hajaghushi kitu, kanyamaza tu.

Kibarazani
Kuweka tiki kwenye HAPANA ni kunyamaza? Basi mimi nina sauti kubwa sana.

MzeeWaRejista
Salaam kijana. Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama, nimekaa na yale madaftari miaka 22. Kabla hamjamvuruga kijana, naomba anijibu mambo matatu.

Kwanza, una namba ya kesi? Pili, ile elfu hamsini stakabadhi yake imeandikwa faini au fidia? Faini ni ya serikali. Fidia inakwenda kwa aliyepasuliwa mdomo. Watu wengi wakitoka mahakamani wanasema "nimepigwa faini" kumbe walilipa fidia, na kinyume chake. Tatu, kule kituoni ulichukuliwa alama za vidole? Vidole kumi, siyo kimoja.

Hayo matatu ndiyo yanajibu swali lako. Mengine yote humu ni hadithi.

FundiSaa
Mzee umesahau la nne. Kuna ile ya kulipwa bila stakabadhi 😂

Chaki_Mbili
Shikamoo mzee. Stakabadhi sina, alibaki nayo baba, na baba hutunza karatasi kwa kuzifungia misumari. Namba ya kesi siijui.

Vidole nakumbuka. Kulikuwa na meza ya chuma, kibao cheusi cha wino, askari akanishika mkono kama anamshika mtoto anayejifunza kuandika. Akawa anavigeuza kimoja kimoja kutoka upande huu kwenda huu. Nilikwenda kusugua kwa mchanga kwenye bomba la nyuma ya kituo, haukutoka. Asubuhi yake mahakamani nikauficha mkono mfukoni baba asiuone.

WakiliWaKata
Hapo sasa. Kama vilikuwa kumi na vikageuzwageuzwa, hiyo ni karatasi ya kumbukumbu, siyo sahihi ya dole gumba kwenye maelezo. Maelezo unabonyeza mara moja basi. Hii ya vidole kumi inatunzwa, na ndiyo inayolinganishwa ukija kuomba cheti cha tabia njema.

DadaMbeya
Swali la mjinga: kwani mwalimu anaombwa cheti cha tabia njema? Mimi nimeajiriwa 2014, niliombwa vyeti vya shule, cha kuzaliwa na picha. Hiki cha polisi nilikichukua nilipopata nafasi ya kusoma nje tu. Nilikwenda ofisi ya upelelezi ya mkoa, wakanichukua vidole, nikasubiri.

TichaMkuu
Dada, serikalini na binafsi ni dunia mbili. Mimi ni mkuu wa shule binafsi, nazungumzia tunachofanya sisi. Tunaomba wadhamini wawili na tunawapigia. Wengine siku hizi wanataka na karatasi ya polisi, hasa shule zenye bweni. Kila shule na bodi yake.

MkenyaJirani
Huku kwetu Kenya hamna mjadala wajameni. Ukitaka namba ya TSC lazima uambatishe cheti cha tabia njema kutoka DCI, yaani idara ya upelelezi. Unalipa 1,050 kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, unachapa fomu ya C24, unaenda kuwekwa vidole Huduma Centre, ndio mambo mengine yaanze. Na sheria ya TSC ya 2012 inaipa tume uwezo wa kukataa mtu aliyehukumiwa kwa kosa ambalo *kwa maoni ya tume* linamfanya asifae kuwa mwalimu. Hayo maneno "kwa maoni ya tume" ndiyo ya kuangalia.

NgojaWaje
Samahani jirani, TSC gani? Sisi nasi tuna Tume ya Utumishi wa Walimu.

MkenyaJirani
Ya kwetu inasajili, inaajiri na kufukuza. Yenu je?

TichaMkuu
Yetu iliundwa kwa sheria ya 2015 ikachukua nafasi ya ile Idara ya Utumishi wa Walimu. Inashughulikia utumishi na nidhamu ya walimu wa shule za umma. Kupata kazi ni mlango mwingine: zamani walipanga TAMISEMI, sasa walimu nao wanapita Sekretarieti ya Ajira. Usaili wa mchujo, kisha mahojiano. Kwa hiyo rekodi yako inaweza isigundulike mlango wa kwanza, ikakukuta umo ndani, kwenye miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Hapo ndipo inauma zaidi.

Zuhura_T
Subirini kwanza. Mbona mnazungumza kama kila kosa ni rekodi? Trafiki akiniandikia elfu thelathini, mimi ni mhalifu? Maana kwa hesabu hiyo hakuna dereva nchi hii anayeweza kufundisha hata chekechea.

BodaMsomi
Sisi ni elfu kumi, tulipunguziwa kwenye bajeti ya 2021. Tuheshimiwe, sisi ni wahalifu wa bei nafuu.

WakiliWaKata
Zuhura umegusa kidonda. Ile notifikesheni ya trafiki unalipa bila kusimama mahakamani. Hakimu hajakuona, hujasomewa shtaka. Fomu inauliza "kutiwa hatiani", na kutiwa hatiani ni tendo la mahakama. Lakini ukikataa kulipa ukapelekwa mahakamani ukakutwa na kosa, hapo umetiwa hatiani kwa kosa lilelile la kutofunga mkanda. Sheria haiko sawa na akili ya mtaani.

Zuhura_T
Kwa hiyo aliyelipa kimya kimya ni msafi, aliyekwenda kujitetea ndiye mchafu. Ahsante msomi, nimeelewa nchi.

FundiSaa
Na wale wa uzembe na uzururaji je? Binamu yangu alizolewa kwenye msako akiwa amesimama kituo cha basi na mfuko wa vitunguu. Wakakiri wote kumi na mmoja kwa mkupuo, maana wa kwanza alikiri akaachiwa. Leo ni mwalimu wa sayansi, mzuri kupita kiasi. Hajaulizwa na mtu.

MamaPacha
Nitauliza kama mzazi, msinipige mawe. Nina watoto wawili darasa la nne. Kijana aliyempasua mtu mdomo kwa shilingi mia tano, akikutana na mtoto mtukutu kwenye kipindi cha saa nane mchana, atafanyaje?

TichaMkuu
Mama, swali lako ni halali, na ndilo bodi yangu inauliza. Haiulizi kifungu. Inauliza: kosa lina uhusiano na mtoto? Lina uhusiano na pesa za watu? Lina uhusiano na ngono? Kwenye hilo la mwisho hatuna maongezi, hata kama ni tetesi iliyoandikwa na mwalimu mkuu wa zamani. La konda tungelijadili dakika tano.

Niliwahi kumpokea mwalimu wa Hesabu aliyewahi kufungwa miezi mitatu kwa msokoto mmoja wa bangi akiwa na miaka kumi na tisa. Alinieleza mwenyewe kabla sijafungua faili, amesimama, hajakaa. Nilimpa mhula mmoja wa majaribio. Yuko nami mwaka wa sita. Mwaka huohuo nilimwondoa mwingine mwenye karatasi safi kama theluji, aliyekuwa anakopa ada za wanafunzi.

Kibarazani
MamaPacha, kwa heshima, hao wenye rekodi safi ndio tunaowapa fimbo mkononi. Kanuni za 2002 zinasema viboko visivyozidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Nani humu aliwahi kuona hilo daftari?

DadaMbeya
Mimi nimewahi. Lilikuwa linazuia mlango usijifunge.

Zuhura_T
😂😂😂 Kwa hiyo Chaki_Mbili amekwishafanya mazoezi ya kazi.

Chaki_Mbili
Dada Zuhura naomba nisamehe, mimi sichapi. Nilipokuwa najitolea nilikuwa nawatoa nje wapige mstari, basi.

MamaPacha, swali lako nimelisoma mara tatu. Sina jibu zuri. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na njaa, na yule konda alinitukania mama. Hizo siyo sababu, najua.

MamaPacha
Umejibu vizuri kuliko ulivyodhani mwanangu.

MbongoLeeds
Niongezee cha huku Uingereza kidogo. Wana sheria ya 1974, kosa dogo likipita muda fulani linahesabika limekwisha, ukiulizwa na mwajiri wa kawaida una haki ya kusema huna. Ila mwalimu haingii humo, anachunguzwa kwa undani zaidi. Hata hivyo nako kuna mchujo: hukumu ya mtu mzima isiyo ya kifungo, kama kosa halimo kwenye orodha ya makosa mazito, baada ya miaka 11 haitokei tena kwenye karatasi. Yaani kuna tarehe. Mtu anaweka alama kwenye kalenda.

Kwetu kuna tarehe?

WakiliWaKata
Mimi mahakamani sijawahi kumsikia mtu akiitaja sheria ya namna hiyo. Tunachotumia ni hiki cha "mkosaji wa mara ya kwanza" wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu, na hicho ni cha siku ya hukumu, siyo cha miaka kumi baadaye.

Lakini hebu cheka na hili. Katiba yetu, Ibara ya 67, inamzuia mtu kugombea ubunge kama alifungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Na Ibara ya 39, anayegombea urais asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Unaona? Kwa urais kuna miaka mitano. Kwa mwalimu wa Kiswahili kuna mstari mmoja uliogongana na nembo.

BodaMsomi
Mleta mada gombea ubunge tu. Kumsukuma konda siyo utovu wa uaminifu, na hukufungwa.

FundiSaa
Kura za madereva hana.

MzeeWaRejista
Tumetoka nje ya mada. Kijana, nenda pale mahakamani. Usitume mtu. Mwambie karani unataka nakala ya hukumu, mtajie mwaka na mwezi na jina la mlalamikaji. Rejista ya jinai inakwenda kwa mwaka. Kama hukumu ni ya 2018 haijaenda mbali, ipo kabatini pale nyuma ya kiti cha hakimu au kwenye chumba cha masjala. Nenda asubuhi kabla kesi hazijaanza kuitwa, ukienda saa tano utaambiwa njoo kesho.

Chaki_Mbili
Sawa mzee. Kesho naenda.

Zuhura_T
Wakati tunamsubiri: na yule ambaye kesi yake ilifutwa? Dada yangu alishtakiwa lugha ya matusi na mpangaji mwenzake, wakapatana nje, mlalamikaji akaiondoa. Ajaze nini?

WakiliWaKata
HAPANA, na kwa moyo mweupe. Kushtakiwa siyo kutiwa hatiani. Ila akiulizwa "umewahi kukamatwa au kushtakiwa?" hilo ni swali lingine. Watu wanasoma fomu haraka, wanajibu swali ambalo halikuulizwa.

DadaMbeya
Kinyume chake pia kipo. Rafiki yangu alijaza NDIYO kwa sababu aliwahi kulala kituoni usiku mmoja. Hakufikishwa popote! Nafasi ikaenda.

TichaMkuu
Huyo alikosa nafasi kwa sababu nyingine, nakuhakikishia. Mwajiri akikutana na NDIYO anapiga simu kuuliza. Asipopiga simu alikuwa hakutaki tangu ukurasa wa kwanza.

DadaMbeya
Mkuu, hukuwepo.

Chaki_Mbili
Wakuu nimerudi, nimetoka mahakamani.

Nilifika saa moja na nusu. Karani ni binti mdogo, kanisikiliza, kaingia masjala akatoka na daftari kubwa lenye jalada la kijani lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Tukalipitia pamoja, yeye anateremsha rula mstari kwa mstari. Nikaona jina langu. Limekosewa herufi moja, wameandika jina la babu kwa "l" badala ya "r".

Safu ya mwisho imeandikwa kwa mkono: *Amekiri. Ametiwa hatiani. Onyo kali. Alipe fidia kwa mlalamikaji sh. 30,000/=.*

Thelathini. Siyo hamsini. Nikampigia baba palepale nje chini ya mti. Kasikiliza, kanyamaza, halafu kasema, "Hiyo ishirini usiulize."

FundiSaa
NILISEMA MIMI! La nne! Mzee njoo uone!

MzeeWaRejista
Nimeona. Na imeniuma, hiyo ndiyo iliyokuwa ikituchafua wote. Ila tuendelee. Hiyo ni onyo na fidia, siyo faini wala kifungo. Ni jambo jepesi kabisa katika yale mahakama inayoweza kufanya.

WakiliWaKata
Jepesi ndiyo, lakini neno "ametiwa hatiani" lipo mzee. Swali la fomu haliulizi adhabu. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu (namba za zamani, toleo la sheria lililoanza Julai 2025 limehamisha namba nyingi) kinamruhusu hakimu kumwachia mtu bila adhabu *baada ya* kumtia hatiani. Kuachiwa bila adhabu siyo kutokuwa na hatia.

MzeeWaRejista
Msomi, nimekaa na mahakimu zaidi ya kumi. Wengi wao walikuwa wakisema ukimpa mtu onyo akaenda zake, umemaliza, hakuna cha kumfuata nacho mbele ya safari.

WakiliWaKata
Walisema kwa huruma au kwa kifungu?

MzeeWaRejista
Kwa uzoefu. Kitu ambacho nyinyi mnakikuta kikiwa kimeshaandikwa.

Kibarazani
Hapa patamu. Nina la tatu: jina limekosewa herufi. Aliyetiwa hatiani ni mtu mwingine kabisa 😀

WakiliWaKata
Alama za vidole hazina herufi, ndugu yangu.

MkenyaJirani
Na kukata rufaa je? Alikiri kwa kudanganywa koridoni. Si hiyo plea ina shida?

WakiliWaKata
Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Zimepita miaka. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze kila siku ya kuchelewa, na "nilikuwa nauza vocha" haitoshi. Tena aliyekiri mwenyewe mlango wake wa rufaa ni mwembamba. Enzi hizo hata mawakili hatukuruhusiwa kuingia Mahakama ya Mwanzo, tuliruhusiwa kwa marekebisho ya 2021, tena pale tu anapokaa hakimu mkazi. Kijana wa miaka ishirini alisimama peke yake mbele ya hakimu na wazee wawili wa baraza. Kwa laki kadhaa za kuhangaika na rufaa, bora anunue suruali ya usaili.

BodaMsomi
Bado nasema HAPANA. Sasa nina hoja zaidi: onyo tu, jina siyo lake, na karani mwenyewe kalipata kwa rula.

MamaPacha
Na kama kalipata yeye kwa rula, mwingine hatashindwa.

Zuhura_T
Mimi nimehama kambi. Nilikuwa HAPANA, sasa NDIYO. Sababu siyo uaminifu wala nini. Amepata nakala, ina muhuri, inasema onyo na elfu thelathini. Ukiiweka mezani, kosa linakuwa dogo kama lilivyo. Ukilificha, siku likitoka kila mtu atalipima kwa macho yake, utasikia "mwalimu aliwahi kufungwa kwa kujeruhi".

TichaMkuu
Zuhura nakupa kazi ukitaka.

Zuhura_T
Nina elfu thelathini za trafiki tatu mkuu, bodi yako itanikubali?

MbongoLeeds
Chaki_Mbili, usimsahau mdhamini. Mweleze kabla shule haijampigia. Mtu akishtukizwa kwenye simu huwa anasema "ooh, kumbe?" na hiyo "kumbe" inakumaliza.

Chaki_Mbili
Nimemwambia mwalimu mkuu wa pale nilipojitolea. Kajibu, "Konda yupi? Wa ile njia ya juu? Ungemsukuma mapema." Sijui kama huyo ni mdhamini mzuri.

DadaMbeya
Huyo ndiye 😂

NgojaWaje
Ijumaa imefika. Mleta mada?

Chaki_Mbili
Nimejaza NDIYO. Mstari ulikuwa unaingia maneno machache tu, nikaandika kwa herufi ndogo: "Shambulio la kawaida, 2018. Onyo na fidia, nimelipa. Nakala ya hukumu imeambatanishwa." Neno la mwisho limepanda kwenye nembo kidogo. Nimepeleka mwenyewe, mlinzi kapokea bahasha.

Kibarazani
Imeambatishwa, siyo imeambatanishwa. Na unaomba kufundisha Kiswahili.

MzeeWaRejista
Mahakamani tumeandika "imeambatanishwa" miaka yote 22.

Kibarazani
Ndiyo maana na majina mnakosea mzee.

MkenyaJirani
Zote ziko sawa, hebu mwacheni mwalimu.

Chaki_Mbili
Wakuu, bahasha imeshaingia ndani.